Pesa ya Wazee, Barabara ya Kitui

Mwisho wa mwezi magari ya Machakos hujaa upesi pale stendi ya Country Bus, Nairobi. Ni nadra kuona abiria anayepanda mikono mitupu. Huyu amebana mfuko wa unga katikati ya magoti, yule ana godoro lililokunjwa likafungwa kamba, na mama mmoja nyuma ya dereva amekumbatia sufuria tatu mpya zilizoingizana. Maboma mengi ya Ukambani hulishwa na Nairobi kwa njia hii, na kisichobebeka hupita kwenye simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mtu hahitaji hata kupanda gari ili mama yake apate sukari.

Mimi nilikuwa nafuata pesa ya aina nyingine, ile isiyotoka kwa mtoto wala kwa mkwe. Kwenye makaratasi ya serikali inaitwa Inua Jamii. Vijijini, ukisema pesa ya wazee, hata mtoto anakuonyesha nyumba zinazoipata. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi ililipwa ya miezi miwili kwa pamoja, yaani 4,000 mkononi. Mambo yalianza kidogo kidogo: mwaka 2004 zilichaguliwa familia 500 zinazolea mayatima katika Garissa, Kwale na Nairobi. Baadaye wakaingizwa wazee maskini kabisa, kisha watu wenye ulemavu mkubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikaandika kwamba Serikali itamsaidia asiyeweza kujikimu. Mwaka 2018 mlango ukafunguliwa kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi asiyepokea pensheni nyingine, awe na zizi la ng'ombe ama asiwe na kuku. Zanzibar walitangulia katika hilo la kutochagua: tangu 2016 mzee wa miaka 70 alilipwa shilingi 20,000 za Tanzania kila mwezi.

Swali langu lilikuwa jepesi. Shilingi 2,000 zinafanya nini? Nairobi watu wawili wakikaa kwenye nyama choma jioni moja, zimekwisha kabla ya kachumbari ya pili.

Aliyekubali kunipeleka ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa upande wa Masii, na hakuwa na imani na safari yenyewe. "Huo ni mwolyo," aliniambia kabla hatujafika Mlolongo. "Zamani ulikuja kwa lori, siku hizi unakuja kwa benki." Mwolyo ni chakula cha msaada, na kwa Mkamba wa umri wake neno hilo lina ladha ya foleni, gunia lenye maandishi ya ng'ambo na mtu mzima anayesubiri kuitwa jina lake. Akanitajia Yatta, hukohuko Machakos, ambako Askofu Titus Masika alianzisha mwaka 2009 kampeni aliyoiita Operation Mwolyo Out. Watu wa Yatta walihimizwa kuacha kungoja magunia, wakachimba mabwawa madogo ya kuvunia maji ya mvua kila mtu shambani kwake, wakafukua mashimo ya kupandia, wakafanya kazi kwa zamu wakisaidiana. Mwalimu ameyaona mashamba hayo kwa macho yake. "Sasa wewe unakwenda kuandika kwamba mzee akipewa elfu mbili ameokoka?"

Sikumjibu mara moja. Tulikuwa tumefika Athi River, na kila nipitapo hapo hukumbuka ng'ombe.

Mwaka 1938 kampuni ya Liebig ilifungua hapo kiwanda cha nyama. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuamua kwamba Wakamba wana mifugo kupita kiasi, na kwamba mifugo hiyo ndiyo inayoimaliza ardhi ya Machakos. Ikawakamatia watu ng'ombe, ikawapiga mnada kwa bei ya kutupa. Julai ya mwaka huo maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, waliongozwa na Muindi Mbingu kwenda Nairobi kwa miguu, wakaketi huko wiki kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, mbali na watu wake, lakini kabla mwaka haujaisha uuzaji ule wa lazima ulisimamishwa. Leo Nairobi ina mtaa wenye jina lake, na wanaouza mitumba na simu pembeni mwake hawana muda wa kujiuliza alikuwa nani. Alikuwa mtu aliyekataa kuuza siku iliyochaguliwa na mnunuzi. Nilikuwa sijajua bado kwamba habari hiyo ndiyo ningekutana nayo tena Masii, kwa kipimo cha mbuzi mmoja na miembe minne.

Pale Kyumbi gari likaacha barabara ya Mombasa, na milima ikaanza kusogea. Machakos ilikuwa makao ya Waingereza kabla ya Nairobi kuwa mji. Mwishoni mwa karne ya 19 utawala ulihama kufuata reli, na mji ukabaki na milima yake ya Iveti na Mua. Mteremko wote umekatwa matuta. Ni kazi ya kustaajabisha hata kwa mtu aliyeyaona mara nyingi: mtaro unachimbwa kufuata usawa wa mlima, udongo unatupwa upande wa juu, na miaka ikienda shamba linajisawazisha lenyewe. Jina lake, fanya juu, wataalamu wa udongo wamekwenda nalo dunia nzima. Wachimbaji walikuwa vikundi vya mwethya, vya kusaidiana kazi, na wengi wao wanawake.

Hapo nikapata la kumjibu Mwalimu. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiandika Machakos kama ardhi inayokufa. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu wakaonyesha kinyume: watu wameongezeka mara kadhaa, na mmomonyoko umepungua. Lakini walisema pia jambo ambalo wasifiaji wa bidii hulirukaruka. Matuta na miti vililipiwa kwa sehemu kubwa na fedha za kutoka nje ya shamba: mishahara ya polisi, makarani na vibarua wa Nairobi iliyorudishwa nyumbani. Jembe hununuliwa, na kijana wa kuchimba hulipwa. Mwalimu akacheka. "Hiyo ilikuwa jasho la mtu," akasema. Tukaliacha hapo.

Mjini hatukukaa. Chai, chapati, gari lingine la barabara ya Kitui, na saa sita kasorobo tulikuwa tumeshuka Masii.

Ilikuwa Oktoba, kabla ya mvua za vuli, ambazo Ukambani huziamini kuliko zile za Machi. Vumbi lilikuwa jekundu na jepesi, na miembe ilikuwa imeshika matunda madogo ya ukubwa wa yai la kware. Baadhi ya watu walikuwa wamekwisha panda kwenye udongo mkavu. Mbegu za mahindi mengi ya huku asili yake ni Katumani, kituo cha utafiti kilicho karibu na mji wa Machakos, zilikotengenezwa miaka ya 1960 ili zikomae kabla mvua haijakata. Ukipanda Katumani mvua ikikuta mbegu ardhini, unavuna. Ukipanda wiki mbili baadaye kwa sababu hukuwa na pesa ya mbegu, unavuna mabua. Pikipiki mbili zilitubeba hadi penye njia ya punda, na kutoka hapo tukatembea.

Mama tuliyemwendea, mmoja wa wanaopokea pesa ya wazee, tulimkuta anapepeta ndengu. Amepita miaka 75. Mwalimu alimsalimu kwa heshima, "Mwaitu," akapewa mkono. Mimi nikaitwa "mwana wakwa" kabla sijasema natoka wapi, na kigoda kikaletwa. Wajukuu wake watatu wanamwita Susu, yaani bibi: msichana wa kidato cha pili katika shule ya kutwa, mvulana wa darasa la sita, na mdogo ambaye bado hajaanza shule na alikuwa amekaa juu ya tanuri la zamani la matofali akitukagua. Mama yao yuko Athi River, anashona nguo katika kiwanda kimojawapo cha EPZ, eneo la viwanda vya kuuza ng'ambo. Kazi ikiwepo anatuma. Oda zikipungua, vibarua hurudishwa nyumbani, simu hukaa kimya, na hilo Susu alilisema bila kumlaumu. "Yeye naye ana kodi ya nyumba," alisema.

Chai ilihitaji sukari, na mvulana akatumwa dukani. Nilimfuata, kwa kuwa nilitaka kuona duka.

Lilikuwa duka la kawaida la njia panda: mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, majani ya chai ya pakiti za shilingi 10, kiberiti. Mvulana hakutoa pesa. Mwenye duka alivuta daftari lenye jalada lililokatika, akaandika, akampa sukari robo kilo. Nikamwuliza kama si hatari kumkopesha mama mwenye umri ule, asiye na mshahara. Akanitazama kama mtu aliyeuliza maji yanatoka wapi.

"Mimi sitazami kama mtu ana pesa," alisema. "Natazama kama najua siku atakayopata."

Akanifungulia daftari kidogo, akiwa amefunika majina kwa kiganja. Kulikuwa na wateja anaowaandikia hadi 1,500, wengine 300 tu, wengine haandiki kabisa. Wale wa 1,500 hawakuwa matajiri wa kijiji. Fundi wa matofali, kijana mwenye nguvu anayeweza kupata 3,000 kwa juma moja zuri, anaandikiwa 300. Susu anaandikiwa 1,500. Kipato cha fundi ni kikubwa zaidi lakini hakina siku. Cha Susu ni kidogo na kina siku, au angalau kinatakiwa kuwa nayo. Nilisimama pale dukani nikahisi kwamba swali langu jepesi lilikuwa limeulizwa vibaya. Nilikuwa nimepima ile 2,000 kwa ukubwa wake, na watu wa Masii huipima kwa kurudi kwake.

Chai ilipoiva niliuliza tena, safari hii juu ya miaka ya kabla ya pesa hiyo. Susu hakutaja njaa. Alitaja mbuzi. Kila mwaka, alisema, kati ya Agosti na Oktoba kulikuwa na mbuzi anayeuzwa. Wakati huo kila mtu anauza, malisho yamekwisha, mbuzi ana mbavu za kuhesabika, na mnunuzi anajua kabisa kilichokuleta sokoni. Akikupa 2,500, unapokea. Mbuzi huyohuyo akifika Desemba, watoto wa watu wakirudi kutoka Nairobi kwa Krismasi, hapungui 6,000. "Nilikuwa najua hivyo miaka yote," alisema. "Kujua hakulishi mtoto Oktoba." Sasa pesa ya wazee inamvusha Oktoba. Hainunui mbuzi. Inamzuia mbuzi asitoke zizini kabla ya wakati wake. Nikamkumbuka Mbingu na ng'ombe zake, na nikajiuliza kama watu wa fedha pale Nairobi wana safu ya kuandika faida ya namna hiyo, ya kitu ambacho hakikuuzwa.

Kama vile tumepanga, broka wa maembe alifika tukiwa tumekaa. Ni kijana wa heshima, shati safi, simu mbili. Mabroka wa maembe hupita Masii na Mwala matunda yakiwa bado madogo, wananunua mti mzima kwa makadirio, kisha wanarudi Januari na lori. Mkulima hupata pesa leo. Broka hubeba hatari ya wadudu na ya mvua, na pia hubeba sehemu kubwa ya faida. Alizunguka miembe minne ya Susu akitazama juu, akataja bei ya yote. Mwalimu alinikanyaga mguu ili nisicheke.

"Hapana," Susu akasema.

"Susu, nzi wa maembe mwaka huu ni wengi. Utabaki na za kuoza."

"Zikioza nitakula zilizobaki. Rudi Januari, tuhesabu moja moja."

Kijana akaongeza kidogo. Susu akaendelea kupepeta ndengu. Akaongeza tena, akatuaga kwa adabu, akaenda kwa jirani. Mwalimu, ambaye tangu Mlolongo alikuwa na neno mwolyo mdomoni, akauliza mwaka gani Susu aliacha kuuza maembe yakiwa maua. Akajibiwa: baada ya kuingizwa kwenye orodha, lakini si mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza hakuamini kwamba pesa ingerudi.

Kuipokea kulikuwa na vituko vyake. Wakati huo ililipwa kupitia benki, na kwa wengi wa huku hiyo ilikuwa na maana ya ajenti kwenye kibanda sokoni, mwenye kimashine cha kusoma alama ya kidole. Kidole cha mtu aliyelima miaka 60, aliyechimba matuta ya mwethya akiwa msichana, akabeba kuni na kukuna katani, hakina mistari tena. Mashine ilimkataa. Susu alinionyesha kidole gumba chake, laini kabisa, akacheka. Ajenti alikuwa akimpangusa kwa kitambaa, akimpaka mafuta, akijaribu kidole cha pili, cha tatu, foleni nzima ikitoa ushauri. Kila mzee huandikisha pia mtu wa kumsaidia, na wake ni binti wa EPZ, ambaye hawezi kuacha cherehani na kuja Masii kila malipo. Siku ambayo hakuna kidole kilichokubali, nauli ya pikipiki ilikwenda bure. Wazee wengine hupunjwa na watu wanaojitolea kuwasaidia, na hilo watu walinisimulia kwa sauti ya chini zaidi.

Pesa ikitoka, inagawanywa kabla ya kufika nyumbani. Kwanza deni la duka. Kisha mahindi, makopo ya gorogoro kadhaa, na maharagwe ya kupika na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Kisha pesa ya chakula cha mchana cha msichana shuleni, kwa sababu sekondari ya kutwa karo yake inalipwa na serikali lakini sufuria ya shule hailipiwi. Kisha kitu kimoja alichokitaja akiwa amemtazama mjukuu wake wa kike akiondoka na mtungi: pedi. "Msichana akikosa hizo," alisema, "kuna kijana wa pikipiki atakayemnunulia." Hakuendelea, na hakukuwa na haja. Watafiti waliofuatilia kwa miaka familia zilizo katika ule mpango wa mayatima waliona watoto wengi zaidi wakiingia sekondari, na wasichana wachache zaidi wakishika mimba mapema. Susu ameyafikia hayohayo kwa njia fupi.

Kinachobaki, 400 kila malipo, huenda kwenye chama. Ni akina mama kumi na wawili, karibu wote wa pesa ya wazee, na kwa zamu mmoja huchukua fungu lote, 4,800. Susu alipochukua la kwake alinunua mabati ya kuelekezea maji na tangi dogo la plastiki. Maji ya mvua yakiisha, mvulana hurudi mtoni na punda, lakini kuna wiki kadhaa kila msimu ambazo hafiki shuleni amechelewa.

Habari ya chama ilinifurahisha kwa sababu nyingine. Mwaka 2011 na 2012 huko Rarieda, kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly liligawa pesa kwa familia maskini, na watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakalinganisha waliopewa fungu zima na waliopewa kila mwezi. Wa kila mwezi walikula vizuri zaidi. Wa fungu zima walinunua vitu vya kudumu, mabati kwa mfano. Wataalamu wakabishana ipi bora. Miaka michache baadaye shirika hilohilo likaanza mpango wa kulipa watu wa vijiji kadhaa nchini Kenya kila mwezi kwa miaka 12, na watafiti wakagundua kwamba wapokeaji wenyewe walikuwa wanaingia kwenye vyama vya kupokezana na kugeuza pesa ya kila mwezi kuwa fungu. Akina mama kumi na wawili wa Masii wangeweza kuwaambia hivyo kwa bei ya kikombe cha chai. Ukiwa na kipato chenye siku, fungu unajitengenezea. Asiye na siku hakubaliwi na chama; atavunja zamu, na kila mtu anajua.

Upande wa pili wa jambo hili ni mkali. Yote niliyoyaeleza yamesimama juu ya tarehe, na tarehe haishikwi. Malipo huchelewa. Hupita miezi miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi, kisha huja kwa mkupuo na tangazo redioni. Kuna mwaka ilikaa sana hadi mwenye duka akafunga daftari kwa wazee wote, naye si mtu mbaya. Yeye pia anadaiwa na muuzaji wa jumla mjini. Mwaka huo Susu aliuza mbuzi Oktoba, kwa bei ya Oktoba. Chama kilivunjika, kikaundwa upya na wanachama pungufu. Serikali inapochelewesha, pesa hatimaye hufika yote, na mhasibu anaweza kusema hakuna kilichopotea. Masii kilichopotea ni ile 1,500 ya daftarini, ambayo haijaandikwa kwenye bajeti yoyote.

Na 2,000 yenyewe imesimama palepale kwa zaidi ya miaka kumi, bei zikipita. Katikati ya 2022 pakiti ya unga wa kilo 2 ilivuka shilingi 200, hadi serikali ikalazimika kuushusha kwa ruzuku kabla ya uchaguzi. Wakati huo pesa ya mwezi mzima haikufika pakiti kumi.

Nilipotaja bei, Susu alikumbuka njaa ya miaka ya 1980. Wakamba huzipa njaa majina, na ile inaitwa Nikwa Ngwete: nafa nikiwa nimeshika. Watu walikuwa na pesa mkononi na duka halina unga. Alikwenda hadi mjini Machakos na noti, akarudi na noti. Ndiyo maana hata leo, pesa ikija, hununua mahindi kwanza na kuyaweka ghalani, na ndiyo maana mwaka juzi alimlipa kijana wa jirani achimbe mashimo ya kupandia yale ya mtindo wa Yatta, safu tatu, chini ya miembe. Mwalimu aliinuka akaenda kuyatazama. Alirudi na vumbi kwenye magoti, akasema kina ni kizuri lakini mbolea haitoshi. Kwa mtu kama yeye, hayo ni mapatano.

Tulipokuwa tunaaga alifika mzee wa boma la pili, ambaye habari za mgeni mwenye daftari zilikuwa zimemfikia. Alisimama wima kwa fimbo, akanitaka niandike jina lake. Nilimweleza kwamba mimi si wa serikali na siandikishi mtu. Akasema anajua, niandike tu shida. Usajili mkubwa wa 2017 ulipopita alifukuzwa kwenye foleni: kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1960, kwa hiyo hajafika. Kitambulisho aliandikiwa akiwa kijana, na karani aliyekuwa na haraka, ambaye alimkadiria mwaka kwa kumtazama uso. Tangu hapo amekwenda kwa chifu, ametumwa mjini, akatakiwa cheti cha kuzaliwa ambacho watoto wa zama zake hawakuwa nacho.

Ushahidi wake mwenyewe ni Yua ya Ndeke, njaa ya 1961, pale ukame ulipofuatwa na mafuriko na chakula kikadondoshwa kwa ndege kwa sababu barabara zilikuwa zimekatika. Siku hiyo alikuwa malishoni, mlima ule pale, akauonyesha kwa fimbo, na mbuzi kumi na nne wa baba yake. Ndege ilipopita chini mbuzi walitawanyika, akashinda akiwatafuta hadi usiku, akakosa mmoja, akachapwa. Anakumbuka fimbo ilikuwa ya mti gani.

"Ukirudi Nairobi," alisema, "waulize wale wenye kompyuta. Mtoto wa mwaka mmoja huchunga mbuzi kumi na nne?"